Harara ya Chiriku

Kabla jua halijachomoza, nyumbani kwa kina Chiriku kazi ilikuwa imepamba moto kila siku. Katika chumba cha nyuma, Mama alisimama mezani mikono imezama kwenye unga, akikanda kwa uzito wa mwili mzima. Mjomba, mdogo wake Mama, alichochea kuni ndani ya tanuri la matofali huku jasho likimtiririka. Chiriku naye alikuwa na kazi mbili: kupaka mafuta vyombo vya bati vya kuokea mikate, na kuongea. Hiyo ya pili hakuna aliyempa.

Jina hilo alipewa na Mjomba, kwa sababu binti huyo alianza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri. Atasimulia ndoto aliyoota, atauliza kwa nini hamira inanuka, atajijibu mwenyewe, halafu atakuuliza kama ulikuwa unamsikiliza. Shuleni, mwalimu alimhamisha madawati hadi akachoka. Mwishowe akamketisha na mvulana mpole ambaye wenzake walimwita Kifutio, kwa kuwa alifuta mengi kuliko aliyoyaandika. Wiki haikwisha, Kifutio naye akawa anaitwa mbele kwa kosa la kupiga soga.

Joto la tanuri lile halikuwa mchezo. Kila aliyefanya kazi mbele yake alitoka harara, vile vipele vidogo vinavyowasha. Mama alikuwa nayo shingoni, Mjomba kifuani, na Chiriku kwenye paji la uso kila msimu wa joto ulipofika. Walishaizoea. Mtu akijikuna, mwenzake alimwambia aoge maji baridi, na mazungumzo yakaendelea pale yalipokomea.

Walikuwa na utaratibu wao mwingine, na huo Chiriku aliupenda kuliko yote. Mkate wa kwanza kutoka tanurini haukuuzwa. Mjomba aliuvunja katikati ukiwa bado unafuka moshi, kisha yeye na Chiriku waliinama juu yake, vichwa vimegusana, wakaupuliza pamoja hadi ukapoa kidogo. Walinusa, wakaonja, na Chiriku akatoa hukumu: chumvi imepungua, au umeiva sawasawa. Mama hakufungua dirisha la duka mpaka asikie neno la bintiye. Kwa Chiriku, kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko cheo cha kiranja.

Siku moja alikuja mgeni, mtu mfupi mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa bwana stoo wa shule ya bweni ya wasichana iliyoko kilimani. Alibonyeza mkate kwa kidole gumba, akatazama ukijinyanyua wenyewe, akatabasamu. Shule ilikuwa inatafuta mtu wa kuipelekea mikate kila asubuhi. Walikubaliana waanze Jumamosi, kwa majaribio ya muhula mmoja, na wakiridhika waendelee mwaka mzima.

Furaha iliyoingia nyumba ile haikuwa ndogo. Mama, ambaye viganja vyake vilikuwa vimeanza kumuuma kwa kukanda, aliona mashine ya kukandia unga ikimjia. Akiba yake ya miaka ilikuwa karibu itoshe, na kazi hii ingeimalizia. Mjomba alimwahidi Chiriku kwamba siku ya kwanza watapanda wote baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na yeye ndiye atakayeingiza kasha la kwanza jikoni mwa shule ile. Chiriku alikuwa akiiota shule hiyo. Alitaka asome pale, alale pale, na bila shaka aongee pale.

Sasa tukumbuke jambo moja. Kwenye dawati lao shuleni, nafasi ya Kifutio ilikuwa wazi. Kifutio alikuwa ameshikwa na tetekuwanga, na mwalimu alikuwa amewaeleza wanafunzi wote jinsi ugonjwa huo unavyoanza. Homa huja, na vipele vinavyogeuka kuwa malengelenge yenye maji. Kisha malengelenge hukauka na kuwa magamba. Aliwaambia kwamba huenea kwa hewa na kwa kugusana, na anayeona dalili amwambie mzazi na abaki nyumbani mpaka vyote vikauke. Chiriku aliuliza maswali mengi siku ile hata mwalimu akavuta kiti akaketi. Kwa hiyo tusije tukasema hakujua.

Ijumaa jioni kichwa kilimuuma na mgongo ukamwasha. Mama alimtazama shingoni kwa mwanga wa jikoni.

"Harara hiyo, mwanangu," alisema. "Umekaa sana tanurini leo. Nenda ukaoge."

Mama hakuwa anadanganya. Katika nyumba yao, kipele kilikuwa harara, basi.

Jumamosi alfajiri Chiriku alijitazama kwenye kioo. Vipele vya jana vilikuwa vimejaa maji, vinang'aa kama matone ya umande. Akainua gauni. Tumboni navyo vilikuwepo, mahali ambapo joto la tanuri halifiki. Alijua ni nini, tena kwa jina lake.

Hapa ndipo mdomo wake ulipotakiwa kufanya kazi. Mtoto aliyekuwa na la kusema kuhusu kila kitu, hata kuhusu mchwa wa mlangoni, siku hiyo aliumeza ulimi. Aliliwaza kasha la mikate. Aliliwaza lango la shule ya bweni. Akajiambia kwamba ni leo tu, atasema wakirudi, na saa chache haziwezi kumdhuru mtu. Akavaa sweta la mikono mirefu, akafunga vifungo mpaka kidevuni, kisha akachota unga akajipaka kwenye paji la uso na mashavuni. Katika nyumba ya waoka mikate, nani atamuuliza mtoto kwa nini ana unga usoni?

Mjomba alipomwona alicheka, akauliza nani anavaa sweta mbele ya moto, au ndio mitindo mipya. Chiriku akasema njiani kutakuwa na upepo. Mjomba akaacha kucheka, akamwangalia vizuri.

"Unaumwa, Chiriku?"

"Siumwi, Mjomba. Ni harara tu."

Mjomba akaridhika. Akautoa mkate wa kwanza, akauvunja, akamwita. Chiriku alisita kidogo, lakini kukataa kungezua maswali. Akainama. Vichwa vikagusana kama siku zote, mvuke ukawapanda usoni, na wote wawili wakapuliza. Chiriku akasema umeiva, neno hilo moja tu. Mjomba alidhani furaha imemzidi.

Safari yenyewe hakuifaidi. Homa ilikuwa imempanda, na barabara iliyumba machoni pake. Alilibeba kasha la kwanza hadi mlango wa jiko, bwana stoo akalipokea na kumsifu. Baadaye Chiriku alijaribu kukumbuka shule ile ilivyokuwa, madirisha yake, uwanja wake, wasichana waliokuwa wakipiga mswaki bombani. Hakukumbuka kitu ila ule mlango na maumivu ya kichwa. Kwa ajili ya mlango tu alikuwa amenyamaza.

Waliporudi alianguka kitandani na sweta lake. Mama alipomvua alishika kichwa, akamfunga kanga, akampeleka zahanati mbiombio.

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa watoto wenye madoadoa, na kila mtoto alikuwa na mtu mzima pembeni. Fundi viatu alikuwa amekuja na sanduku lake la vifaa, akiwa na matumaini kwamba atawahi kurudi kibandani. Mama mmoja muuza nyanya alilalamika kwamba mzigo wake unaozea sokoni kwa siku ya tatu, maana mtoto hana wa kumwachia. Muuguzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akisikiliza yote huku akiandika. Alimwambia Mama kwamba watu huuita ugonjwa huu mdogo kwa sababu watoto wengi hupona, lakini ukihesabu kazi zilizolala na madarasa yaliyobaki matupu, utaona si mdogo hata kidogo.

Akamweleza Mama namna ya kumtunza: kucha zikatwe asijikune, anywe maji ya kutosha, asipewe aspirini, akae ndani mpaka malengelenge yakauke yote. Kisha akauliza kama nyumbani yuko mtu mzima ambaye hajawahi kuugua. Mama alisema yeye aliugua utotoni. Ila mdogo wake alilelewa mbali, kwa bibi yao, peke yake bila watoto wenzake, na hana hakika.

"Mtu mzima humshika vibaya zaidi," alisema Muuguzi. "Wamekaa karibu, hasa tangu malengelenge yatoke? Kama wamekaa, namtaka hapa leo hii. Tuone kama anaweza kupata chanjo mapema, au tumweke chini ya uangalizi."

Mama akamgeukia bintiye. Akamuuliza kama asubuhi ile, walipopuliza mkate, vipele vilikuwa vimeshajaa maji.

Chiriku alitazama miguu yake. Akikubali, Mama atajua kwamba alijua. "Hapana, Mama," akasema. "Asubuhi ilikuwa harara tu."

Muuguzi alimtazama, kisha akamwambia Mama kwamba hata hivyo ndugu yake aje, ingawa si kwa haraka ile, na akiona homa au kipele chochote asisubiri hata siku moja, maana dawa iliyopo husaidia ikianzishwa mapema. Mama alifikisha ujumbe. Mjomba akashika ndevu zake akacheka, akauliza lini watu wenye ndevu walianza kuugua magonjwa ya watoto. Alikuwa na mikate ya shule ya kuoka. Akasema ataenda siku akipata nafasi, na ninyi mnajua siku kama hiyo huwa lini.

Chiriku alipona. Magamba yalidondoka, akaruhusiwa kurudi tanurini, akaanza kuongea tena, ingawa si kama zamani. Mikate ilikuwa ikipanda kilimani kila asubuhi, na bwana stoo alikuwa amedokeza kwamba mkuu wa shule ameridhika.

Zilipopita kama wiki mbili tangu siku ile ya sweta, Chiriku alimwona Mjomba akijikuna shingoni. Kulikuwa na vipele.

"Harara," alisema Mjomba, hata kabla hajaulizwa. "Tanuri hili litanimaliza."

Chiriku alisogea. Kipele kimoja chini ya sikio kilikuwa na maji, kinang'aa. Kama angesema pale pale, Mjomba angeshuka zahanati asubuhi hiyo. Lakini Mama angeuliza imekuwaje, na ule uongo wa kwenye benchi ungetoka mafichoni. Akajiambia huenda ni harara kweli. Mjomba alipakia makasha akaenda zake kilimani, akaingia jikoni mwa shule, akasalimiana na wapishi kwa mikono kama kawaida yake. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, huku akikohoa.

Siku ya tatu alishindwa. Alikuwa ameshika ule ubao mrefu wa kutolea mikate, akautumbukiza tanurini, kisha ukamponyoka mikononi. Akashika ukuta. Uso wake ulikuwa umejaa malengelenge, na kila pumzi aliyoivuta ilitoa sauti ya kukwaruza. Mama alipiga kelele kuita majirani. Mikate ndani ya tanuri ikaanza kuungua, wala hakuna aliyejali.

Hapo ndipo Chiriku alipofungua mdomo. Alisema yote kwa mkupuo mmoja: kioo, maji kwenye vipele, unga usoni, mkate wa kwanza, uongo wa zahanati, kile kipele chini ya sikio. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumchapa wala kumkaripia. Alifunga kanga kiunoni, akasaidiana na majirani kumpakia Mjomba kwenye ile baiskeli ya mizigo, juu ya magunia matupu ya unga. Kule kutokukaripiwa kulimuuma Chiriku kuliko fimbo.

Mjomba alilazwa hospitali kuu. Ugonjwa ulikuwa umemwingia mapafuni, na kwa siku kadhaa alipumua kwa msaada wa mtungi wa hewa. Chiriku hakuruhusiwa kumwona. Mama alikwenda asubuhi akarudi jioni, hasemi mengi. Ile akiba ya mashine ilikuwa ikienda huko, kwenye dawa, vipimo na nauli. Na tanuri lilikuwa baridi, kwa kuwa aliyeujua moto wake alikuwa amelala kitandani.

Mjomba akiwa kwenye wiki ya pili hospitalini, bwana stoo alikuja na kalamu yake sikioni, akasimama mbali kidogo na mlango. Hakuwa na hasira. Alieleza kwa upole kwamba mpishi mmoja na wasichana kadhaa wa bweni wameanza kutoka malengelenge, na wamelazimika kutenga bweni zima huku mitihani ikikaribia. Wasichana wanataka kifungua kinywa kila siku, na tanuri likipoa hawawezi kungoja. Shule imeshapata mwoka mikate mwingine. Akampa Mama pole ya mgonjwa, akaondoka. Chiriku aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia, akalia mpaka akapata kwikwi.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri gari dogo la mwoka mikate yule mwingine lilipita mbele ya nyumba yao likielekea kilimani. Lilikuwa na kengele iliyolia kwenye kila shimo la barabara. Mama alikuwa akiisikia, na Chiriku alikuwa akiisikia.

Mjomba alipona. Alirudi amekonda, uso una makovu, na akipanda ngazi tatu za mlangoni anapumzika. Daktari alimkataza kukaa kwenye moshi kwa muda mrefu, labda mwaka, labda zaidi. Kwa hiyo aliwekewa kiti nje, karibu na mlango wa chumba cha tanuri, akawa anamwelekeza dada yake: ongeza kuni, punguza, ngoja kwanza. Mikate ya Mama ya siku ya kwanza iliungua chini na kubaki mibichi juu. Waliila wenyewe, na Chiriku alikula sehemu yake yote.

Jioni hiyo alimfuata Mjomba kitini, akapiga magoti mbele yake, akamwomba radhi. Aliomba huku analia, na maneno yake hayakufuatana vizuri, yeye ambaye maneno hayakuwahi kumpa shida. Mjomba alimwacha amalize.

"Kuumwa si kosa, Chiriku," alisema. Alivuta pumzi kwanza. "Usije ukaona haya kwa kuumwa. Wewe hukuniambukiza kwa makusudi. Lakini ungesema, ningekaa mbali nawe, au ningewahi dawa. Hiyo nafasi ya kujikinga ilikuwa yangu, na wewe uliichukua ukaificha ndani ya sweta."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Na mimi nina fungu langu," Mjomba akaendelea. "Niliambiwa niende, nikacheka na ndevu zangu. Mtu mzima mzima. Basi tusibebeshane. Ila ukumbuke hili: ugonjwa wa mtu mmoja hauishii mwilini mwake. Huu wetu umelala hospitalini, umezima tanuri, umepanda kilimani ukawafuata wasichana na mitihani yao. Ungeweza kusimamishwa na neno moja, tena wewe unayo mengi."

Mama, aliyekuwa mlangoni akipangusa mikono, alisema tu kwamba mwalimu, muuguzi na mzazi hawawezi kumsaidia mtu kwa jambo ambalo hawakuambiwa. Kisha akarudi ndani kukoroga hamira ya kesho.

Mvua zilipoanza, Mama alikuwa ameshaujua moto. Wateja wa mtaani walirudi mmoja mmoja, ingawa mashine ya kukandia ilibaki kuwa hadithi na viganja vyake viliendelea kumuuma. Asubuhi moja Chiriku aliamka pua imeziba na koo linamkwaruza. Hakuvaa sweta, wala hakugusa unga. Alienda mpaka kizingiti cha chumba cha tanuri, akasimama hapo hapo nje.

"Mama, Mjomba, nina mafua," alisema. "Nimeanza kukohoa tangu jana jioni. Sijaingia."

Mama aligeuka akamtazama, kisha akamtazama Mjomba kitini. Ulikuwa mkate wa kwanza wa siku hiyo, umetoka sasa hivi. Mjomba aliuvunja katikati, moshi ukapanda. Aliinuka polepole, akaweka nusu moja juu ya kigoda karibu na mlango, akarudi kukaa mbali. Chiriku alisubiri mpaka amekaa, ndipo akasogea kuuchukua.

Kila mmoja alipuliza wa kwake. Barabarani ile kengele ilikuwa ikipita kuelekea kilimani, na wote watatu waliisikiliza mpaka ikapotea.

"Haya, sema," Mjomba alimwambia. "Umeiva?"

"Pua imeziba, Mjomba," Chiriku alijibu. "Leo siwezi kujua. Onja wewe."